Unga Ukiingia Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli

Katika nyumba iliyoingiliwa na unga, yaani dawa ya kulevya ya heroini, dalili za kwanza aghalabu huonekana kwenye vitu kabla ya kuonekana kwa mtu: mtungi wa gesi haupo, simu ya bibi imepotea mara ya pili, na mama ameanza kulala na pochi chini ya mto. Muda si muda majirani huja na ushauri, ambao mwingi una huruma lakini hauna ukweli.

Dhana: "Angetaka angeacha. Mfungieni chumbani wiki moja, atapona."

Ukweli: Heroini hubadili utendaji wa ubongo, na mwili ukishaizoea hudai. Saa 8 hadi 12 hivi baada ya kutumia mara ya mwisho, arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, huanza kwa miayo, makamasi na jasho, kisha mifupa huuma na mtu hutapika na kuharisha. Hali hiyo hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, halafu hutulia ndani ya wiki, na hapo ndipo familia hudanganyika, kwa kuwa kilichoisha ni arosto, uraibu bado upo. Hatari kubwa huja baadaye: mwili uliokaa bila unga hauhimili tena kiasi ulichokizoea, hivyo anayetoka chumbani, au gerezani, akarudia kiasi kilekile cha zamani anaweza kukata pumzi na kufa. Kwa aliyezoea pombe kali miaka mingi hata wiki hiyo yenyewe ni ya hatari, kwani kukatishwa ghafla huweza kuleta degedege na kuua; huyo apelekwe hospitali.

Dhana: "Metadoni ni unga wa serikali."

Ukweli: Metadoni ni dawa ya hospitali ya kutibu uraibu wa heroini. Kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na dozi ikipimwa vizuri huzuia arosto kwa takriban saa 24 bila kumlewesha mgonjwa, naye akapata nafasi ya kufanya kazi badala ya kuhangaikia kete, yaani vipakiti vya unga. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kuitoa mwaka 2011. Baadaye huduma hiyo ilifika Zanzibar, na pia Malindi nchini Kenya. Hapa familia ina kazi ndogo isiyosifiwa na mtu, nayo ni nauli. Mgonjwa, hasa mwanzoni, anatakiwa kufika kliniki kila siku, na anayeogopa kumkabidhi fedha anaweza kumsindikiza na kumlipa kondakta mwenyewe.

Dhana: "Mzazi mwenye upendo humsitiri mwanawe."

Ukweli: Kusitiri huku mara nyingi ni kulipa madeni yake na kupiga simu kazini kwake kusema ana malaria, na matokeo yake ni kwamba matumizi yanaendelea bila gharama kwa mtumiaji. Chakula mpe, mazungumzo mpe akiwa hajatumia, hospitali mpeleke; fedha taslimu na uongo mnyime. Wapo wanaokimbilia upande wa pili na kusema afukuzwe hadi dunia imfunze. Mimi siafiki, maana maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, humfunza kuchangia sindano, na kwa njia hiyo Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C huenea. Hata hivyo, akitishia au kupiga watu nyumbani, usalama wa watoto utangulie.

Dhana: "Ni malezi ya mama yake."

Ukweli: Urithi, umri wa kuanza, msongo wa akili na urahisi wa kupata dawa zenyewe vyote huchangia. Watoto wa mraibu nao hujilaumu kimyakimya, kwa hiyo waambiwe waziwazi kwamba baba ni mgonjwa na kwamba si wao waliomsababishia ugonjwa huo.

Dhana: "Amerudia, basi kazi yote imepotea."

Ukweli: Kurudia ni jambo la kawaida katika uraibu, kama sukari inavyopanda tena kwa mgonjwa wa kisukari, na maana yake ni kwamba matibabu yanahitaji kurekebishwa. Siku hiyo kikao cha ukoo kinaweza kusubiri. Mwulizeni kwanza ametumia nini na lini, kisha mrudisheni kliniki kesho yake asubuhi.