Harakati si Maandamano Peke Yake

Juzi baada ya sala ya alasiri kijana wa mtaa wa Langoni anayetafuta mada ya tasnifu ya sosholojia alinijia barazani. "Mwalimu, nataka kuchunguza harakati za afya, lakini hapa Lamu hazipo. Watu wetu hawaandamani." Kila mwaka naletewa maneno haya, nami nimechoka kuyajibu kwa mdomo.

Anayeamini kuwa harakati ni maandamano hutafuta mabango na vitoza machozi. Akivikosa, huandika kwamba watu wamelala. Maandamano ni ya siku moja, harakati ni miaka ya vikao, barua, michango ya nauli ya boti, na mtu mmoja mvumilivu anayeandika kumbukumbu. Chukua mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, megawati 1,050. Mwenye mapafu anajua kwamba moshi na majivu ni suala la afya. Watu waliandamana, ndiyo. Lakini leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilifutwa Juni 26, 2019 na jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, kwenye kesi ya shirika la wananchi la Save Lamu na wenzao, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jambo kama hilo huthibitishwa na waliohudhuria, wakakumbuka walichoambiwa na walichonyimwa. Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu kwa daftari: tarehe, nani alisema, nani hakualikwa. Daftari kwanza, nadharia baadaye!

Kwingine ni vivyo hivyo. Treatment Action Campaign ya Afrika Kusini, kundi la kupigania matibabu ya UKIMWI lililoanzishwa 1998, iliandamana sana, lakini pia iliwafundisha wanachama wake sayansi ya virusi vya UKIMWI na dawa zake, na 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru serikali itoe nevirapine, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, kwa wajawazito wenye virusi. Kwetu Kenya, watu watatu wanaoishi na virusi waliipinga sheria ya bidhaa bandia ya 2008, iliyotishia kuzihesabu dawa halali za bei nafuu kuwa bandia. Mahakama Kuu iliwapa ushindi Aprili 2012.

Wengine husema mambo yote ya afya huamuliwa Nairobi. Isomeni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: hospitali za kaunti na zahanati ni kazi ya kaunti, na bajeti yake hujadiliwa hapa hapa.

 

Na hili la kwamba mtafiti asiwe na upande: mimi ninao, nataka watoto wa vijiji vyetu vya Hindi na Kwasasi wavute hewa safi. Kosa ni kuficha neno linalokupinga. Wapo jirani zangu waliouunga mkono mtambo kwa sababu ya ajira, na maneno yao nimeyaandika yote, kama walivyoyatamka.