Masaji ya Kithai: Maana Yake na Undugu Wake na Yoga

Masaji ya Kithai ni tiba ya jadi ya Thailand ambamo mkandaji hubonyeza, huvuta na kuukunja mwili wa mtu aliyelala sakafuni juu ya godoro jembamba, akiwa amevaa suruali na shati pana, bila kupakwa mafuta. Wathai wenyewe huiita nuad Thai. Aliyezoea kuchuliwa kwa mafuta ya nazi hushangaa anapoona kwamba kazi haifanywi kwa vidole gumba na viganja peke yake, bali pia kwa viwiko, magoti na nyayo, na kwamba mkandaji hodari hategemei nguvu za mikono, bali huuegemeza uzito wa mwili wake taratibu mpaka misuli ya mteja ilegee. Kipindi kimoja huchukua saa moja hadi mbili, na kwa kawaida huanzia miguuni na kupanda juu.

Nadharia yake inasema kwamba mwili umejengwa kwa asili nne, yaani udongo, maji, upepo na moto, na kwamba upepo husafiri ndani ya njia ziitwazo sen. Mapokeo huzihesabu njia hizo kuwa 72,000, lakini mkandaji hushughulika na kumi kuu, ambazo zote husemwa kuanzia karibu na kitovu. Maumivu ya mgongo, ganzi ya mguu au shingo iliyokakamaa hufasiriwa kuwa upepo umekwama mahali fulani, na kubonyeza ni namna ya kuufungulia njia. Sayansi ya mwili haijapata kuziona njia hizo, wala hakuna haja ya kujifanya kwamba imeziona. Zinaeleweka vizuri zaidi zikichukuliwa kama ramani ya kazi inayomwonyesha mkandaji apite wapi, kwa kuwa nyingi hufuata mikunjo ya misuli na kingo za mifupa.

Hapa ndipo undugu na yoga unapoonekana waziwazi. Njia tatu za kwanza huitwa Itha, Pingkhala na Sumana, nazo zinalingana na ida, pingala na sushumna za yoga ya Kihindi: moja husemwa kuishia kwenye tundu la kushoto la pua, nyingine kwenye tundu la kulia, na ya tatu hupita katikati ya mwili. Ulinganifu wa kiasi hicho si wa bahati nasibu. Mafundisho ya Kibudha na elimu ya tiba kutoka India yalifika Siam, jina la zamani la Thailand, karne nyingi zilizopita, na mpaka leo wakandaji wengi huanza kazi kwa kufumba mikono na kumwombea dua Jivaka, ambaye maandiko ya Kibudha humtaja kuwa tabibu wa Budha, nao humheshimu kama baba wa fani yao.

Ushahidi wa kushikika uko Bangkok, katika hekalu la Wat Pho. Mfalme Rama wa Tatu alipolikarabati hekalu hilo katika karne ya 19, aliamuru elimu ya tiba ichongwe kwenye mabamba ya mawe, yakiwemo yenye michoro ya mwili wa binadamu iliyojaa nukta na mistari ya mahali pa kubonyeza. Mwaka 1836 zikatengenezwa pia sanamu za watawa waishio upweke, kila mmoja akiwa amejinyoosha kwa namna yake, na kila sanamu ikaandikiwa shairi linalotaja maumivu ambayo mkao huo huyaondoa. Mazoezi hayo huitwa ruesi dat ton, na mtu huyafanya mwenyewe bila mkandaji. Sanamu chache tu ndizo zilizosalia, lakini zinatosha kuonyesha kwamba Siam ilikuwa na utaratibu wake wa kujinyoosha.

Kwa hiyo usemi unaopendwa na watangazaji, kwamba masaji ya Kithai ni yoga ya wavivu, una ukweli nusu. Ni kweli kwamba mkandaji humpitisha mteja katika mikao inayofanana na ya yoga: mteja akiwa amelala kifudifudi, mkandaji hupiga magoti nyuma yake, humshika mikono na kuegemea nyuma polepole mpaka kifua chake kinainuka, na huo ni mkao wa swila mtupu. Lakini mfululizo wa mikao tunaouona leo katika madarasa ya yoga umepata sura yake kwa sehemu kubwa nchini India katika karne ya 20, baada ya sanamu za Wat Pho. Ni afadhali kuziita fani hizi mbili ndugu wa ukoo mmoja kuliko mama na binti. Jina la masaji ya yoga ya Kithai limeenea zaidi Ulaya na Marekani kuliko Thailand kwenyewe.

Kuhusu siha, asili ya nuad Thai si hoteli za kifahari. Ilikuwa huduma ya kijijini, ambako mkulima aliyeinama shambani kutwa nzima alikwenda kwa mkandaji kunyooshwa viungo, na huenda akawekewa pia vifurushi vya kitambaa vilivyopashwa kwa mvuke, vyenye manjano, mchaichai na kafuri. Leo hutolewa hata katika hospitali za serikali ya Thailand, na imekuwa riziki ya watu wengi wasioona. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019. Wengi huondoka wakiwa wepesi na usingizi wao ukiwa mzuri zaidi, ila madai kwamba inatibu kisukari au kutoa sumu mwilini yasipewe uzito.

Wala si ya kila mtu. Mwenye homa, mfupa uliovunjika karibuni, mifupa iliyodhoofika au damu iliyoganda mguuni asikandwe namna hii, na mjamzito amwone daktari kwanza. Tahadhari kubwa zaidi ni ile hatua ya kubonyeza mshipa wa kinena kwa muda kisha kuuachia ili joto lishuke mguuni: kwa mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo isifanywe kabisa, na mteja ana haki ya kuikataa kabla mkandaji hajaanza.