Soketi zilizopanda ukutani

Jumamosi ya kwanza tulipoanza kutafuta nyumba Mlandizi, mkoani Pwani, dalali alitupeleka kwenye nyumba ambayo mke wangu aliipenda kabla hatujavuka geti. Vyumba vitatu, baraza pana, mwembe uani, na mbele yake uwanja wa mpira umejaa watoto. Sisi tunatoka Tabata, ambako wanangu wanacheza rede kwenye njia ya bajaji, mmoja akikaa pembeni kupiga kelele "gari!" Uwanja ule uliinadi nyumba kuliko dalali mwenyewe.

Mimi niliingia ndani nikaanza kutazama soketi.

Zote zilikuwa usawa wa kifua changu. Sebuleni, vyumbani, kila mahali. Huku chini, ambako mafundi wetu wamezoea kuziweka, kulikuwa na viraka vya plasta vilivyopakwa rangi juu. Mtu hachimbi ukuta na kuvuta waya upya kwa ajili ya urembo. Nikaufungua mlango wa stoo mpaka mwisho, nikachungulia nyuma yake, pale ambapo brashi ya mpaka rangi haifiki vizuri. Kulikuwa na mstari wa udongo, mwembamba kama uzi, umenyooka kama umepigwa rula. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi huacha madoa ya mawimbi mawimbi. Maji yaliyoingia yakatulia huacha mstari ulionyooka, na ukipimwa kutoka chumba hadi chumba utaukuta usawa uleule.

"Kaka, hapa maji yaliingia lini?" nikamuuliza dalali.

"Bosi, hapa mafuriko hakuna. Yalikuja mara moja tu, ile El Nino ya tisini na nane."

Na rangi ilikuwa bado inanukia.

Kazi yangu ni haidrolojia. Kwa maneno ya mama mkwe wangu, nalipwa kwenda kuangalia mito. Kila masika ndugu na jamaa wanaotaka kuikimbia Dar hunipigia simu, na karibu wote wanaamini mafuriko ni tatizo la mjini: la Jangwani, la Kigogo, la Tandale. Siwalaumu. Desemba 2011 Dar ilinyeshewa mvua kubwa ambayo haikuwa imeonekana tangu 1954, watu wapatao 40 wakafa, na baadhi ya familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Aliyeona picha zile anadhani akifika kwenye mji mdogo wenye mashamba ameshayaacha maji nyuma yake. Mara nyingi anakuwa amebadilisha mto tu.

Mito hii haina tabia moja. Msimbazi ni mto mfupi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu kule Kisarawe, unapita katikati ya mabati na zege, na unaishia baharini karibu na daraja la Salenda. Mvua ikipiga alfajiri, saa chache baadaye Jangwani pameshajaa. Una faida moja, kwamba unaliona wingu lake. Ruvu ni habari nyingine. Maji yake mengi yanatoka milima ya Uluguru, kwa hiyo unaweza kuwa Mlandizi, jua linawaka, nguo ziko kambani, na mto unapanda kwa sababu ya mvua iliyonyesha Morogoro siku zilizopita. Kwa hiyo anayehamia pande hizi asiishie kwenye utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa mkoa wa Pwani. Asome na wa Morogoro. Ukienda kusini zaidi, Rufiji ina bonde kubwa kiasi kwamba maji yakishatanda yanakaa, kama walivyoonja watu wa Rufiji na Kibiti mwaka 2024. Na Mkondoa ulipoivamia Kilosa mwishoni mwa 2009, maji yaling'oa hata reli ya kati.

Sasa hilo neno la dalali, "mara moja tu". Tuseme mahali fulani hupata mafuriko makubwa kwa wastani wa mara moja kila miaka 20. Haina maana kwamba yakishakuja unapumzika miaka 19. Ina maana kila mwaka, pamoja na huu unaoingia na virago vyako, uwezekano ni 5 kwa 100. Ukikaa pale miaka 10, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika 40 kwa 100. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa bado yuko shuleni. Mimi kwa hesabu hiyo sikopi pesa ya kodi ya mwaka.

Tena mto siyo adui pekee. Milimita 100 za mvua zikianguka kwenye hekta moja ni lita milioni moja, yaani matenki 200 ya lita 5,000. Zamani sehemu kubwa ilinywewa na shamba. Mji mdogo ukianza kukua, shamba linakuwa bati na sakafu, jirani wa juu anajenga ukuta, barabara inainuliwa kwa kifusi na kuwekewa kalavati moja lililoziba kwa chupa za plastiki. Nyumba iliyokaa kavu miaka 30 inaanza kuingiwa na maji, na mwenyewe anasema amerogwa. Ukiiona barabara iko juu kuliko sakafu ya nyumba unayoonyeshwa, tafuta kalavati kwanza, nyumba baadaye.

Nirudi kwenye ule uwanja, maana ndio uliotuponza. Watu wakiona eneo la wazi mbele ya nyumba wanafurahi kwa ajili ya watoto. Mimi najiuliza kwa nini, kwenye mji ambao kila kiwanja kina tangazo la "kinauzwa", hapa hakuna aliyejenga. Mara nyingi wenyeji wanajua. Dar tunazo kumbukumbu za namna hiyo kwenye majina: Msasani kuna Bonde la Mpunga, na mpunga hupenda mahali penye maji. Viwanja vya Jangwani vimebaki viwanja kwa sababu Msimbazi unavidai kila masika, na mashabiki wa Simba hawakuwabandika watani wao Yanga, wenye makao yao hapo Jangwani, jina la vyura bure.

Siupingi uwanja wa bondeni. Naupenda kweli. Ardhi ya kuchukuliwa na maji mwezi wa nne na watoto mwezi wa nane imepangwa vizuri kuliko mitaa mingi niliyoiona. Nyumba ndiyo isikae nayo usawa mmoja.

Basi tukaacha kufuatana na dalali, tukaanza kutembea wenyewe, Jumamosi tatu mfululizo, tumebeba karanga na chupa za maji. Watoto niliwapa kazi ya kutafuta takataka zilizokwama juu kuliko mabega yao. Binti yangu alizipata kabla yangu: majani makavu na mifuko iliyonasa kwenye senyenge ya shamba, yote imelalia upande mmoja. Mdogo wake aligundua kwamba udongo mweusi wa bondeni una nyufa za kuingiza mkono mpaka kwenye kifundo, na kwamba matete hayapandi mlima. Kwa siku moja walikuwa wamesoma bonde vizuri kuliko vijana wengine ninaowapokea kazini.

Tulipochoka tukakaa kwa bibi mmoja anayeuza vitumbua. Hapo nitoe siri ya kazi. Usimuulize mtu kama kuna mafuriko, maana kila mmoja ana nyumba ya kupangisha au shemeji mwenye kiwanja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu."

"Bibi, maji yalipokuja mara ya mwisho, magodoro mliyapeleka wapi?"

Hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha mwiko kuelekea ng'ambo ya barabara kuu, kwenye mwinuko. "Kule kwa mdogo wangu. Lakini maji yale si ya hapa, mwanangu. Yanatoka Morogoro."

Karatasi nazo tulizipitia, ila haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mto. Hizo ni za kuulinda mto, usizichukulie kama kipimo cha usalama wako: kwenye tambarare kama ya Ruvu maji hayajui mita 60 ni nini. Hati safi haisemi kiwanja ni kikavu. Mwenyekiti wa kitongoji anajua zaidi, na kumbukumbu za vipimo vya mto ziko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Kitu ambacho nusura kinipite mimi mwenyewe ni njia ya shule. Nyumba ya pili tuliyoipenda ilikuwa kavu kabisa, lakini kati yake na shule kulikuwa na korongo lenye daraja mfuto, lile la zege ambalo maji hupita juu yake. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mwanangu wa mwisho ana miaka saba. Tukaiacha. Na wale wanaoniuliza kuhusu kwenda pikiniki ukingoni mwa Ruvu: una mamba na viboko, nendeni Kaole mkaone magofu, au msitu wa Pugu.

Tulichukua nyumba ndogo zaidi, upande ule wa mwiko wa bibi. Haina mwembe. Watoto wanatembea dakika kumi kwenda uwanjani na kurudi wamechafuka kama kawaida.

Aprili iliyofuata maji yalifika nusu ya milingoti ya goli, na vijana wakawa wanavua kambale kwenye kumi na nane. Yalipopungua nilishuka kwenda kupima mstari. Nyumba ya mwembe ilikuwa na wapangaji. Madirisha yote yalikuwa wazi, na juu ya ukuta wa baraza yameanikwa magodoro matatu, moja dogo la mtoto.