Kwa nini soketi ya friji haifai kukaa nyuma ya friji?

Katika nyumba mpya zinazomaliziwa Uyole jijini Mbeya, au Gangilonga kule Iringa, si ajabu kukuta kabati za jikoni zimefungwa vizuri na vigae vimenyooka, lakini friji imejitokeza mbele ya kabati kana kwamba nafasi yake ilipimwa vibaya. Nafasi ilipimwa sawasawa. Kilichosahaulika ni plagi. Plagi ya pini tatu tunayotumia Tanzania ina mwili mnene, na ikichomekwa kwenye soketi iliyo nyuma ya friji, hula sentimita kadhaa za kina ambazo fundi seremala hakuzihesabu. Ukiisukuma friji kwa nguvu ili ilingane na kabati, mgongo wake huigandamiza plagi, pini hulegea ndani ya soketi, na pale chuma kinapogusana kwa kulegalega joto hupanda hadi plastiki ikaungua, tena mahali ambapo hakuna anayeona.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kasoro kubwa zaidi ni kwamba soketi ya namna hiyo haifikiki. Wakati wa mvua, umeme unapokatika na kurudi mara kwa mara, ni vyema kuzima friji na kusubiri dakika kadhaa, kwa sababu kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya friji, ikilazimishwa kuwaka upya wakati gesi iliyomo bado ina mgandamizo mkubwa, inaweza kushindwa kuzunguka na kupata moto. Nani ataivuta friji iliyojaa chakula kila umeme unapochezacheza?

Kwa hiyo soketi na ikae ndani ya kabati la jirani, na ubao wa pembeni utobolewe tundu linalopitisha plagi nzima, maana kukata plagi ya kiwandani ili waya upite ni kuharibu kifaa kipya. Njia nyingine ni kuweka swichi juu ya meza ya jikoni, inayotawala soketi iliyo chini.

Kwa vifaa vya mezani, hesabu ni nyepesi: fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi, kwenye umeme wa volti 230, hubeba takriban wati 3,000, na birika la umeme peke yake huweza kutumia wati 2,000 au zaidi, hivyo birika na oveni ndogo visitegemee ekstensheni moja. Jiko kubwa la umeme lipewe waya wake kutoka kwenye meinswichi. Soketi isiwe juu ya jiko, na iwe angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki. Maji ni adui wa soketi, na katika baridi ya Juni na Julai mvuke wa sufuria hugeuka matone ukutani na kutiririka.

Yote haya yaamuliwe kabla ya plasta. Mpe fundi umeme vipimo vya kila kifaa, achore kwa chaki kwenye matofali pale kila kimoja kitakaposimama, ndipo achimbe njia za mabomba ya waya.