Mwanzilishi wa gazeti ni nani hasa?

Kila panapoandikwa habari za magazeti ya zamani ya Mombasa na Nairobi, neno «mwanzilishi» hutwishwa mtu yeyote ambaye jina lake limewahi kuhusishwa na gazeti, awe alilimiliki, alilihariri au alilichapa tu. Mwanzilishi wa gazeti ni yule aliyeamua kwamba gazeti liwepo, akatafuta mtaji na watu, hata toleo la kwanza likatoka. Mhariri huamua kinachoandikwa humo, mmiliki ndiye mwenye mali, mchapishaji hulitoa gazeti kwa jina lake na kulibebea dhamana mbele ya sheria, na mchapaji ni mwenye mtambo. Mtu mmoja aweza kuzibeba kazi hizi zote, lakini hilo lahitaji kuthibitishwa, si kudhaniwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni gazeti ambalo leo linaitwa The Standard. Lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyekuwa mkandarasi wa reli ya Uganda, naye ndiye ambaye bustani iliyo katikati ya Nairobi ina jina lake hadi sasa. Wakati huo likiitwa African Standard na likitoka mara moja kwa wiki, halikuhaririwa na Jeevanjee mwenyewe, kwani alimwajiri Mwingereza, W. H. Tiller, kwa kazi hiyo. Mwaka 1905 aliliuza kwa Wazungu wawili, Anderson na Mayer, ambao walilipa jina la East African Standard, na kufikia 1910 makao yake yalikuwa yamehamia Nairobi, ambako lilikuwa likitoka kila siku.

Hapa ndipo uzembe wa neno unapoleta madhara. Katika mikono ya wamiliki wapya gazeti lile likawa sauti ya walowezi wa Kizungu, na walowezi hao ndio waliopigania kwa nguvu Wahindi wasipewe ardhi ya nyanda za juu wala usawa katika uwakilishi. Jeevanjee, aliyekuja kuwa mjumbe wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa upande wa pili kabisa wa ugomvi huo. Msomaji anayeambiwa kwa mkato kwamba Jeevanjee ndiye mwenye Standard atamhesabia tahariri ambazo hakuziandika, zilizotoka katika gazeti ambalo halikuwa lake tena, dhidi ya watu wake mwenyewe. Na anayeambiwa kwamba gazeti hilo ni la Wazungu tangu mwanzo amemnyang'anya mtu wa Mombasa kazi aliyoifanya kwa fedha zake. Makosa yote mawili nimeyasoma, na la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Wapo waliostahili vyeo vyote kwa pamoja. Henry Muoria alipoanzisha Mumenyereri mwaka 1945, gazeti la Kikikuyu lililosomwa sana Nairobi, lilikuwa lake na yeye ndiye aliyelihariri, mpaka serikali ya kikoloni ilipolipiga marufuku mwaka 1952 ilipotangaza hali ya hatari. Kumwita Muoria mwanzilishi, mmiliki na mhariri si kumtia chumvi.

Anayetaka kuhakikisha asiishie kwenye jina kubwa lililo juu ya ukurasa wa kwanza. Ashuke mpaka chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwenye ule mstari wa herufi ndogo ambao wengi huuruka, kwa maana hapo ndipo mchapaji na mchapishaji hutajwa kwa kawaida. Kisha alinganishe matoleo ya miaka mbalimbali, maana majina hayo hubadilika kimya kimya huku jina la gazeti likibaki lile lile.

Na kwa wale wanaoendelea kuandika kwamba Jomo Kenyatta alikuwa mwenye Muigwithania, nawaomba kwa heshima warekebishe sentensi hiyo: gazeti lilikuwa la chama cha Kikuyu Central Association, na Kenyatta, kuanzia 1928, alikuwa mhariri wake.