Mbolea Hai kwenye Majaruba ya Mpunga

Pakiti ya mbolea hai ina bakteria, na wakifa kabla ya kufika kwenye mzizi mkulima amenunua vumbi tu. Soma kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha jina la bakteria. Kwa mpunga wa majaruba tafuta Azospirillum, bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Zile za soya na maharage, zenye Rhizobium, hazitoi vinundu, yaani vivimbe vya kunasia naitrojeni, kwenye mizizi ya mpunga.

Azospirillum hutaka hewa kidogo. Mpunga hushusha hewa kupitia shina hadi mizizini, kwa hiyo hata kwenye tope bakteria hao hupata mahali pa kuishi, mradi wawekwe pale pale kwenye mzizi. Ndiyo maana kuchovya miche kunashinda kurusha unga shambani.

Siku ya kupandikiza, koroga kilo 1 ya unga katika lita 40 za maji kwa hekta moja, isipokuwa lebo inasema vingine. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha. Ng'oa miche, suuza tope, kisha simamisha mizizi ndani ya mchanganyiko dakika 15 hadi 30, kivulini. Koroga mara kwa mara, unga hutuama. Pandikiza siku hiyohiyo. Ndoo iliyobeba dawa ya ukungu isitumike kabisa.

Bakteria wa kuyeyusha fosforasi huuzwa pia, ila kwenye jaruba lililofurika usiwategemee sana: maji yenyewe huachilia sehemu ya fosforasi iliyoshikwa na chuma udongoni. Azola, jimbi dogo linaloelea majini na kubeba bakteria wa kunasa naitrojeni, ina faida zaidi, lakini punguza maji kabla ya kuifukia, la sivyo itaelea tena.

Kosa kubwa liko kwenye yurea. Yurea hugeuka amonia udongoni, na amonia ikijaa, bakteria huacha kunasa naitrojeni. Usiimwage yote mwanzoni, igawe.

Na usipunguze yurea shamba zima kwa mkupuo. Tenga majaruba matatu: la kwanza yurea kamili, la pili pungufu kwa robo pamoja na mbolea hai, la tatu pungufu kwa robo bila mbolea hai. Bila hilo la tatu huwezi kujua kama mavuno yameshikiliwa na bakteria, au ulikuwa unazidisha yurea tangu zamani.