Je, wajua? Inakuwaje mtu anadipotiwa halafu anaishia jela kwenye nchi isiyo yake?

Machi 2025 kuna familia Venezuela zilijua ndugu zao wako wapi kwa kuangalia video. Serikali ya El Salvador iliirusha mtandaoni, vijana wana pingu mikononi na miguuni, wameinamishwa mpaka kichwa kinakaribia magoti, wanakokotwa kutoka kwenye ndege halafu wanapigishwa magoti wananyolewa nywele zote. Watu wakawa wanasimamisha video katikati, wanatafuta sura au tatuu wanayoijua, ndo wanasema huyu ni wa kwetu.

Sasa kudipotiwa si kurudishwa kwenu? Hawa ni Wavenezuela, wametolewa Marekani, El Salvador wanafanya nini?

Iko hivi. Serikali ya Marekani ilisema hao ni watu wa Tren de Aragua, genge la wahalifu lililoanzia Venezuela, ikachukua sheria ya mwaka 1798 iliyotungwa kwa ajili ya raia wa nchi adui wakati wa vita, ikawapandisha ndege. Kundi la kwanza lilikuwa Wavenezuela 238, kati yao 137 kwa sheria hiyo ya zamani na 101 kwa amri za kawaida za uhamiaji, na baadaye jumla wakafika 252. Jaji wa Marekani, James Boasberg, aliamuru siku hiyohiyo ndege zirudi, hazikurudi. Na ushahidi wenyewe kwa baadhi yao ulikuwa tatuu, yaani mtu ana taji kachorwa mkononi basi ni genge. El Salvador nayo iliahidiwa karibu dola milioni 6 ili iwashikilie.

Walipelekwa CECOT, gereza lililofunguliwa 2023 kwa ajili ya magenge ya huko, linaloelezwa kuwa na nafasi ya watu 40,000. Mtu analala kwenye bati la chuma, vitanda vimepangwa juu kwa juu, godoro hakuna, taa haizimwi usiku wala mchana, choo kipo hapohapo mbele ya wenzako wote. Wakili haingii, simu ya nyumbani hakuna. Walipotoka, 40 kati yao walihojiwa na mashirika ya haki za binadamu, Human Rights Watch na Cristosal, wakasimulia kipigo kuanzia siku ya kufika, kipigo ukiongea kwa sauti, ukioga muda usio wako, ukiomba daktari. Kuna chumba cha giza walikiita La Isla, yaani kisiwa, ndo unapelekwa huko kupigwa zaidi. Wapo waliosema walidhalilishwa kingono na askari magereza. Mimi hili la kuomba daktari ukapigwa ndo lilinikaa kichwani, sijui mtu unaanzaje kumuinulia rungu mgonjwa.

Lakini kwa nini iwezekane? Jibu liko kwenye karatasi. Mfungwa wa kawaida ana kosa, ana hukumu, ana tarehe ya kutoka, hata mwizi wa kuku anajua anatoka lini na mama yake anajua wapi pa kumuulizia. Hawa hawakuwa na kesi El Salvador, hakuna kosa walilofanya pale, kwa hiyo hakuna hukumu ya kukatia rufaa wala siku ya kutoka ya kuhesabu. Ukienda mahakama ya Marekani, serikali inasema hao hawako mikononi mwetu tena. Umoja wa Mataifa ulipoiuliza El Salvador, ikajibu kwamba mamlaka na wajibu wa kisheria juu ya watu hao ni wa nchi ya kigeni, sio wake. Soma hapo mara mbili. Mmoja kawatuma na analipa, mwingine ana funguo, na wote wawili wanasema siyo wangu, sasa aliyepigwa amshitaki nani?

Na mikataba ipo, usidhani haipo. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyefungwa haki ya kuwasiliana na ubalozi wake, na Mkataba wa Kupinga Mateso wa 1984 unakataza kumpeleka mtu mahali ambapo kuna sababu za msingi za kuamini atateswa. Shida ni kwamba mkataba unahitaji mtu wa kuudai, na hawa walizuiwa kuonana na kila mtu ambaye angewadaia.

Wale 252 walitoka Julai 18, 2025, tena sio kwa hukumu, ni kwa kubadilishana, Venezuela ikawaachia Wamarekani 10 iliokuwa inawashikilia. Miezi minne hiyo.

Mwezi huohuo mtindo ukahamia kwetu Afrika. Wanaume watano, raia wa Vietnam, Jamaica, Cuba, Laos na Yemen, walishushwa Eswatini wakafungwa gereza la Matsapha. Hao kweli walishahukumiwa Marekani ila vifungo walishamaliza, na Eswatini hawakuwa na kesi yoyote, wakili wa palepale ikabidi aende mahakamani kuomba tu kuwaona. Marekani ilijitetea kwamba nchi zao zimewakataa. Jamaica ikasema hapana, sisi hatujamkataa mtu wetu, na Septemba yule Mjamaika akarudishwa kwao, baada ya miezi miwili ya jela kwenye nchi ambayo hakuwahi kuikosea chochote.